Kuteleza kwenye theluji ukisafiri peke yako kwa bajeti ndogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayefunga safari peke yake, hana skii zake (mbao ndefu za kutelezea), na anataka kujua kila senti itakwenda wapi. Mifano mingi imetoka Gudauri, Georgia, na Bansko, Bulgaria. Katika sehemu hizi mbili mtu mmoja anaweza kufika kwa basi, kulala hosteli, kukodi kila kitu na kurudi nyumbani bila deni. Bei zilizotajwa ni makadirio ya kupangia bajeti. Kabla ya kulipa, angalia bei ya msimu wako kwenye tovuti ya mlima wenyewe.

Kwa nini safari ya mtu mmoja huwa ghali kuliko ya kundi?

Pasi ya lifti (tiketi ya mitambo inayokupandisha mlimani), skii za kukodi na chakula vina bei ileile, muwe mmoja au kumi. Anayesafiri peke yake huumizwa na mambo matatu: chumba, gari la kutoka uwanja wa ndege, na mwalimu. Chumba cha watu wawili unakilipia chote hata kitanda cha pili kikiwa kitupu. Teksi kutoka Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, hadi Gudauri inatoza bei moja kwa abiria mmoja na kwa abiria wanne. Mwalimu wa saa moja ni hivyohivyo.

Kwa hiyo tafuta kitanda cha hosteli, panda basi dogo la abiria, na jiunge na darasa la kundi au tafuta mtu wa kuchangia naye mwalimu. Baada ya hapo, wiki unayochagua ndiyo itakayoamua kiasi kikubwa cha gharama iliyobaki.

Kuna vitu vitatu ambavyo hatushauri uvibanie hata kidogo: bima, masomo ya siku za mwanzo, na buti zinazokutosha sawasawa. Watu wengi huharibikiwa na safari nzima kwa kubana hapo.

Niende wapi?

Kama unaishi Ghuba au Afrika Mashariki, anza kwa kuitazama Gudauri. Iko kilomita 120 hivi kaskazini mwa Tbilisi, kijiji kiko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, na lifti ya juu kabisa hufika karibu mita 3,300. Ndege kutoka Dubai, Sharjah, Doha na Istanbul zinakwenda Tbilisi, na ndiko wasafiri wa Nairobi, Dar es Salaam na Entebbe wanakobadilishia ndege. Pasi ya siku ni kama nusu ya bei ya milima mikubwa ya Austria, na wakati mwingine hata chini ya hapo. Kasoro yake ni kwamba mlima hauna miti. Ukungu ukishuka, theluji na anga vinakuwa rangi moja na hujui mbele yako ni mteremko au shimo. Tena sehemu kubwa ya miteremko inaelekea kusini, kwa hiyo mwezi Machi theluji ya mchana hulainika na kuwa nzito kama uji.

Kama unaishi Ulaya, Bansko itakufaa zaidi. Mashirika ya ndege ya bei nafuu, Ryanair na Wizz Air, yanatua Sofia, mji mkuu wa Bulgaria, na kutoka hapo ni kilomita 160 hivi kwa basi. Bansko ni mji kamili wenye maduka ya kawaida, hosteli nyingi na migahawa ya kienyeji wanayoiita mehana, kwa hiyo chakula si lazima ule hotelini. Theluji yenyewe iko juu: gondola (vibanda vinavyoning'inia kwenye kamba) inakutoa mjini na kukufikisha Banderishka Polyana, mita 1,635, na lifti za mbele hukupandisha hadi karibu mita 2,600. Njia zake za kuteleza ni kilomita 75 hivi. Kasoro kubwa ni foleni ya hiyo gondola, maana ni moja tu. Jumamosi asubuhi unaweza kusimama zaidi ya saa nzima.

Afriski ya Lesotho iko zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari na hufunguliwa Juni hadi Agosti, wakati Ulaya ni kiangazi. Mteremko wake mkuu ni kilomita moja. Tatizo ni kufika: kutoka Johannesburg ni mwendo wa gari wa saa kadhaa, na usafiri wa umma wa kutegemea hakuna. Kwa watu wanne kwenye gari moja la kukodi ni nafuu sana. Kwa mtu mmoja hesabu mara nyingi inakataa.

Ski Dubai, ukumbi wa ndani uliofunguliwa mwaka 2005 kwenye Mall of the Emirates, tusiuhesabu kama safari. Ni mahali pazuri pa kuchukua somo la kwanza, hasa kwa anayeishi Falme za Kiarabu au Oman. Saa mbili za kujifunza kusimama na kufunga breki pale zitakuokolea siku nzima ya pasi huko mlimani.

Wiki gani ni nafuu na bado ina theluji?

Wiki mbili au tatu za kuanzia tarehe 10 Januari. Sikukuu zimekwisha, baridi bado ni kali, na hosteli zinatafuta wateja. Nafasi ya pili ni katikati ya Machi: siku ni ndefu, jua lipo na bei zimeshuka. Ila asubuhi njia zinakuwa ngumu kama barafu na mchana zinakuwa maji, kwa hiyo muda mzuri ni saa 4 asubuhi hadi saa 7 mchana.

Epuka Krismasi hadi tarehe 8 Januari. Georgia ni nchi ya Waorthodoksi na Krismasi yao ni tarehe 7 Januari, hivyo msongamano unachukua muda mrefu kuliko unavyotarajia. Epuka pia katikati ya Februari, wakati shule za Uingereza, Ufaransa na Uholanzi ziko likizo, pamoja na siku zinazozunguka tarehe 3 Machi Bansko, ambayo ni sikukuu ya taifa la Bulgaria. Mwanzo wa Desemba bei ni ya kuvutia kweli, lakini ni kamari: lifti chache ndizo zinazokuwa wazi.

Popote uendako, fika Jumapili na uondoke Ijumaa au Jumamosi asubuhi. Wakazi wa Tbilisi huijaza Gudauri wikendi, na wa Sofia na Ugiriki ya kaskazini huijaza Bansko. Siku tano za katikati ya wiki zitakupa, kwa kila siku, muda mwingi zaidi wa kuteleza kuliko siku saba zenye wikendi ndani yake.

Bajeti ya siku tano inakuwaje?

Mfano wa Gudauri, kwa dola za Marekani, bila tiketi ya ndege wala viza. Hosteli usiku 6 kwa dola 20: 120. Basi dogo kwenda na kurudi: 20. Skii, buti, fito za mkononi na helmeti siku 5 kwa dola 20: 100. Pasi ya lifti siku 5 kwa dola 30: 150. Mwalimu, masomo matatu ya saa mbili ukichangia na mtu mmoja: 120 hadi 150. Chakula: 120. Bima: 40 hadi 60. Jumla ni kama dola 670 hadi 720, na ukiweka akiba ya dharura, panga 800.

Anayeanza kabisa anaweza kupunguza zaidi kwenye pasi. Siku ya kwanza na ya pili hutatoka kwenye uwanja wa wanafunzi, kwa hiyo pasi ya mlima mzima ni pesa ya bure. Uliza dirishani kama kuna tiketi ya lifti moja au ya uwanja wa kujifunzia tu, kisha nunua pasi kamili siku ya tatu mwalimu akikuruhusu.

Bansko hesabu ni tofauti kidogo. Pasi ni ghali zaidi, takriban mara moja na nusu ya Gudauri au zaidi, lakini madarasa ya kundi yapo mengi na chakula cha mjini ni rahisi. Tangu tarehe 1 Januari 2026 Bulgaria inatumia euro, kwa hiyo anayetoka Ujerumani au Ubelgiji hana tena hasara ya kubadilisha fedha.

Viza inahusika vipi?

Bulgaria iliingia kikamilifu kwenye eneo la Schengen tarehe 1 Januari 2025. Mwenye kibali cha kuishi Uswidi, Ujerumani au nchi nyingine ya Schengen anaingia bila viza nyingine. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anayeishi nje ya eneo hilo, Uingereza ikiwemo, anahitaji viza ya Schengen. Ada kwa mtu mzima ni euro 90. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasiwe chini ya siku 15 kabla. Kwa wiki ya Januari, peleka maombi Oktoba, maana miadi ya Desemba hujaa.

Georgia huwaruhusu wengi wenye viza au vibali halali vya nchi za Ulaya, Marekani na Ghuba kuingia bila viza yake, lakini masharti kuhusu muda uliobaki kwenye kibali hubadilika. Soma ukurasa wa viza wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Georgia wiki ileile unayonunua tiketi, na beba kibali chenyewe mkononi badala ya picha kwenye simu. Msafiri wa peke yake huulizwa maswali mengi zaidi mpakani, kwa hiyo chapisha karatasi ya hosteli, tiketi ya kurudi na bima.

Bima ya kawaida ya safari inatosha?

Kwa kawaida haitoshi. Bima nyingi za viza ya Schengen zinatimiza sharti la euro 30,000 za matibabu na hapohapo zinatenga michezo ya majira ya baridi. Georgia nayo, tangu tarehe 1 Januari 2026, inamtaka kila mgeni awe na bima ya afya na ajali. Bima ya kukupitisha mpakani ni jambo moja. Bima itakayolipa ukivunjika mguu ni jambo jingine.

Fungua hati ya masharti na utafute mambo haya kwa jina: michezo ya majira ya baridi imetajwa kuwa ndani, kuokolewa na kushushwa mlimani kumelipiwa, helikopta ikiwemo, kurudishwa nyumbani kumelipiwa, na dhima yako ukimuumiza mtu mwingine imelipiwa. Hilo la mwisho hupuuzwa sana. Italia imelifanya sharti la kisheria tangu Januari 2022. Angalia pia linalokatazwa: karibu bima zote hukataa madai ukiwa umelewa, na nyingi hukataa ukiwa nje ya njia rasmi. Kadi ya afya ya Ulaya, au ile ya Uingereza, inasaidia hospitali za serikali ndani ya Umoja wa Ulaya, lakini haimlipi anayekushusha mlimani.

Nifikeje mlimani bila teksi ya peke yangu?

Tbilisi, nenda kituo cha Didube, penye stesheni ya metro ya jina hilohilo. Mabasi madogo, wanayoyaita marshrutka, ya kwenda Stepantsminda hupita Gudauri. Huondoka yakijaa, kwa hiyo wahi asubuhi. Mwambie dereva "Gudauri" kabla ya kupanda na mwonyeshe jina la hosteli kwenye ramani, kwa sababu kijiji kimetawanyika kandokando ya barabara kwa kilomita kadhaa na ukishushwa upande wa chini utapanda kilima na mzigo mgongoni. Ndege nyingi za Ghuba hutua Tbilisi usiku. Lala mjini usiku huo, usichukue teksi ya saa 9 usiku kwenye barabara yenye barafu.

Jambo la kuzingatia sana: barabara hiyo hufungwa theluji ikizidi au kukiwa na hatari ya maporomoko ya theluji, wakati mwingine siku nzima. Rudi Tbilisi siku moja kabla ya ndege yako. Usiku mmoja wa hosteli mjini ni nafuu mno kuliko tiketi mpya.

Bansko hufikiwa kwa basi kutoka kituo kikuu cha Sofia, mwendo wa saa 3 hivi. Ipo pia treni ya reli nyembamba, upana wa milimita 760, kutoka Septemvri. Inapita kwenye mabonde mazuri ajabu na inachukua takriban saa tano. Panda kama una muda. Usiitegemee siku ya ndege.

Usibebe skii kwenye ndege. Ada ya kuzisafirisha kwenda na kurudi hukaribia au kuzidi bei ya kukodi siku tano.

Nguo nitapata wapi bila kununua dukani?

Mitumbani, na huko ndiko wanakojificha makoti bora. Makoti ya skii hufika Gikomba na Karume pamoja na marobota mengine ya Ulaya, na kwa kuwa Nairobi na Dar es Salaam hayana wateja wengi, bei huwa ndogo. Kagua hivi. Geuza koti ndani: mishono iwe imefunikwa kwa utepe, na utepe usiwe umebanduka. Dondoshea maji kidogo begani. Yakikaa kama shanga, kinga bado ipo, yakilowa papo hapo, litahitaji dawa ya kuzuia maji. Zipu ndiyo inayokufa kwanza, hivyo ifunge na kuifungua mara kadhaa. Tafuta mkanda wa ndani kiunoni unaozuia theluji isipande mgongoni ukianguka. Suruali iwe na kitambaa cha ndani chenye mpira kwenye pindo, ambacho huvaliwa juu ya buti.

Ndani, vaa nguo ya sufu au ya nyuzi za plastiki inayobana mwili, kisha sweta jepesi la manyoya, kisha koti. Jinzi na fulana za pamba ziache nyumbani: pamba ikilowa jasho hukaa na maji, na ukikaa dakika kumi kwenye lifti ya viti unatetemeka. Nunua mpya vitu viwili tu: glavu zisizopitisha maji, na soksi mbili ndefu nyembamba. Miwani ya theluji ya mitumba ni sawa kama kioo hakijachubuka.

Buti na helmeti za mitumba usinunue. Plastiki ya buti kuukuu hupoteza nguvu kimyakimya na soli hupasuka vipandevipande ukiwa mlimani. Helmeti iliyowahi kugonga haionyeshi ufa kwa nje.

Nitajuaje kama buti za kukodi zinanifaa?

Hapa tumia muda, hata watu wakisubiri nyuma yako. Kodi jioni ya kuamkia siku ya kwanza, baada ya saa 10, wakati maduka hayana haraka. Mengi hayahesabu jioni hiyo kama siku.

Namba ya buti za skii ni urefu wa mguu kwa sentimita, hivyo pima mguu wako nyumbani ukiwa umesimama, kisigino kikigusa ukuta. Vaa soksi moja nyembamba, vuta suruali ya ndani ipande juu ya buti, na usiache hata mkunjo mmoja ndani. Gonga kisigino chini mara mbili kiingie nyuma kabisa, kisha funga vishikizo kuanzia vya kifundoni, halafu vya vidoleni kwa ulegevu, mwisho mkanda wa juu. Ukisimama wima, vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti na kuegemea mbele, vidole virudi nyuma na kisigino kisinyanyuke. Kikinyanyuka, buti ni kubwa. Wanaoanza karibu wote huchukua buti kubwa kwa sababu zinahisi raha dukani, kisha hukaza vishikizo hadi damu inasimama, vidole vinakufa ganzi, na wanasema ni baridi. Soksi mbili huleta tatizo lilelile.

Skii za anayeanza ziwe fupi: zikisimamishwa, zifike kati ya kidevu na pua. Fundi atakuuliza uzito, urefu, umri na kiwango chako ili aweke nguvu ya vifungio vinavyoachia mguu ukianguka. Taja uzito wa kweli na useme unaanza. Anayejisifu dukani huwekewa vifungio vigumu, na vifungio vikikataa kuachia, goti ndilo linalolipa.

Nina rasta au nywele za kusuka. Helmeti itaingia? Na hijabu?

Inaingia ukipanga mapema. Suka mistari iliyolala kichwani, au rasta nyembamba zilizokusanywa chini kabisa kwenye kisogo. Fundo la juu au la katikati ya kichwa huinua helmeti na kuifanya isikinge paji la uso. Ijaribu dukani: ikae kiwima, ukingo wake uwe vidole viwili juu ya nyusi, na ukitikisa kichwa isitembee. Chagua yenye gurudumu la kurekebisha nyuma. Hijabu nyembamba ya michezo, au kofia nyembamba inayofunika shingo, hukaa vizuri chini ya helmeti. Skafu nene huileta mbele ya macho, na ncha zinazoning'inia ni hatari kwenye lifti. Weka kila kitu ndani ya koti.

Siku ya kwanza iende vipi?

Uwe na mwalimu saa 4 asubuhi, kabla hujajaribu chochote mwenyewe. Bansko omba darasa la kundi la wanaoanza. Gudauri masomo mengi ni ya mtu mmoja au wawili, kwa hiyo usiku uliotangulia uliza sebuleni hosteli kama kuna mwingine anayeanza, mgawane bei.

Saa ya kwanza ni kutembea na skii moja, kuteleza mita chache, na kufunga breki kwa kukutanisha ncha za mbele na kufungua visigino. Uzito ukae mbele, miundi ya miguu ikizigusa ndimi za buti. Kosa la kila mtu ni kuegemea nyuma kwa woga, na ukiegemea nyuma skii hazisikii amri. Ukiona unaanguka, lala ubavuni upande wa mlima. Kuinuka: lete skii zote mbili chini yako, zikate mteremko, kisha jisukume kwa mkono. Skii zikielekea bondeni utaondoka nazo kabla hujasimama.

Kwenye lifti ya kuvuta usiikalie. Simama, acha ikusukume. Kwenye lifti ya viti toa mikanda ya fito mkononi na begi mgongoni kabla kiti hakijafika. Pasi ya kielektroniki weka peke yake kwenye mfuko wa kushoto, mbali na simu, maana visomaji viko upande huo na simu huvisumbua.

Maliza saa 9 alasiri hata ukiwa na hamu. Miguu ikichoka ndipo watu wanapoumia.

Ni salama kuteleza peke yangu?

Kwenye njia rasmi zilizo wazi, ndiyo, kwa nidhamu. Nje ya njia hizo, hapana kabisa. Kifaa cha kutafutana kwenye maporomoko kinahitaji mtu wa pili aliye juu ya theluji mwenye kifaa kama hicho, fito ya kupimia na koleo. Aliyefukiwa ana dakika chache tu za hewa, na kikosi cha uokoaji hakifiki kwa dakika hizo. Gudauri ina kishawishi kikubwa cha theluji safi kandokando ya njia. Mtu wa peke yake aiangalie tu, au alipe kundi lenye mwongozaji.

Kila asubuhi mwambie mtu wa mapokezi saa utakayorudi. Washa kushiriki mahali ulipo kwa ndugu mmoja. Simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, kwani baridi huua betri iliyobaki asilimia 40 kwa dakika chache. Namba ya dharura ni 112, Bulgaria na Georgia pia. Piga picha ya ramani ya njia, na ukisimama soma namba ya nguzo iliyo karibu. Ndiyo anwani yako.

Rangi za njia: kijani na buluu ni zako, nyekundu baadaye, nyeusi si safari hii. Aliye mbele na chini yako ana haki ya njia, hata akikata ghafla. Simama pembeni, kamwe si nyuma ya kilima ambako wanaotoka juu hawakuoni.

Angalia saa ya lifti ya mwisho. Gudauri ina gondola inayovuka hadi bonde la Kobi; ukiikosa ya kurudi, kilichobaki ni teksi ya kuvuka Jvari, njia ya barabara juu ya milima kwenye mwinuko wa karibu mita 2,400, kama iko wazi. Bansko ukikosa gondola ya kushuka kuna njia ndefu ya kilomita 7 hivi hadi mjini, ambayo jioni hugandamana na kujaa watu waliochoka. Anayeanza ashuke kwa gondola.

Nitakaa mpweke? Na watanishangaa nikiwa mtu mweusi?

Hosteli za skii huchangamka kuliko za mijini, kwa sababu wote wanatoka na kurudi saa zilezile na wote wana njaa. Chagua yenye jiko na sebule badala ya yenye kitanda kizuri. Kwenye lifti, foleni ya watu mmojammoja, inapokuwepo, hukupitisha mbele ya makundi, na ndani ya gondola mazungumzo hujianzisha yenyewe.

Utakuwa mmoja wa wachache weusi, hilo ni kweli, na utatazamwa, mara nyingi kwa udadisi. Mchezo huu una watu wetu: Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, alishindana chini ya bendera ya Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018. Nenda bila kujieleza kwa mtu.

Chakula cha halali na cha bei nafuu?

Georgia, lobio ni maharage yaliyopikwa kwenye chungu, na khachapuri ni mkate wa jibini, vyote vinashibisha. Khinkali ni vifuko vya unga vilivyojazwa na kuchemshwa; za nyama mara nyingi huchanganya ng'ombe na nguruwe, hivyo agiza za uyoga, viazi au jibini. Bansko nguruwe yuko kila mahali. Omba supu ya maharage, saladi ya shopska (nyanya, matango na jibini) au samaki. Mchana beba mkate, ndizi na chupa ya maji mfukoni. Mkahawa wa juu mlimani ndiko bajeti nyingi zinakotobokea, kidogokidogo kila siku.

Mwinuko na jua vitanisumbua?

Mtu wa Nairobi atahema kidogo. Wa Mombasa au Maskati atahema zaidi siku mbili za mwanzo na huenda kichwa kikauma. Kunywa maji, lala mapema, usipande lifti ya juu kabisa siku ya kwanza. Kichwa kikizidi kuuma pamoja na kichefuchefu, shuka.

Ngozi nyeusi inaungua pia. Mionzi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000, na theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 yake kutoka chini. Paka mafuta ya kukinga jua chini ya kidevu, ndani ya pua na kwenye midomo, kisha rudia mchana.

Lifti zikifungwa kwa upepo, pesa yangu inarudi?

Kwa pasi ya siku, mara nyingi hairudi kama sehemu ya lifti bado zinafanya kazi, na lifti za juu za Gudauri hufungwa kwa upepo mara kwa mara. Kabla ya kununua pasi ya siku nyingi, tazama utabiri wa upepo wa mwinuko wa mita 3,000, si wa kijijini. Kama siku mbili kati ya tano zinaonekana mbaya, nunua pasi siku kwa siku hata kama kwa bei ya siku moja ni ghali kidogo. Siku mbaya itumie kwa somo kwenye uwanja wa chini, ambao huwa wazi, au shuka Tbilisi ukaoge maji ya moto ya salfa Abanotubani. Duka la kukodi likiambiwa asubuhi mapema, mengi hukubali kusogeza siku ambayo hukutumia skii. Uliza hilo jioni ya kwanza, kabla hujatia saini.